Papai kwa Ajili ya Hondohondo

Jumamosi, 27 Desemba 2025
Kerege, barazani. Zimebaki siku tatu za eda na siku tano za mwaka. Za mwaka ndizo zinazoninyima usingizi.

Daftari la marehemu mume wangu lina ndege na wanyama arobaini na saba walioonekana kutoka hapa nyumbani mwaka huu. Abdillah alifika arobaini na moja, akafariki mwezi wa nane. Sita ni wangu. Dada yake, wifi Hafidha wa nyumba ya pili, ana orodha yake: arobaini na nane! Miaka tisa hajamshinda kaka yake. Amshinde sasa, hayupo? Thubutu!

Nimepasua papai, nimeliweka ukutani. Hondohondo, ndege ambaye daftarini bado hayumo, hapiti papai.

Jumapili, 28 Desemba
Kaja! Nami nasali adhuhuri. Nikasikia mbawa zake, kama mtu anakung'uta mkeka. Sikugeuka, Mungu anajua nilivyotamani. Kutoa salamu, papai limekwisha, na wifi yuko dirishani kwake anapiga makofi. Arobaini na tisa. Sharti la Abdillah: aliyesikika tu hahesabiwi.

Baadaye wifi akaja kunishukuru kwa papai.

Jumatatu, 29 Desemba
Kenge! Yuko mtaroni, nyuma ya ua wa makuti. Majani yanachakarika. Kutoka siwezi, niko edani. Nikapindua kinu, nikapanda. Eda sijavunja: miguu iko nyumbani, yametoka macho tu. Nikauona mkia, kisha kichwa. Arobaini na nane! Kinu kikateleza, ua ukalala chini, nami juu yake.

Wifi akafika mbio. Akauliza mjane mzima namchungulia nani barabarani. Nikasema kenge. Akasema kenge ni mimi. Tukacheka mpaka machozi yakatoka. Kisha yakaendelea kutoka, na kicheko kimekwisha.

Jumanne, 30 Desemba
Nimetoka eda. Nimeoga, nimevaa kanga mpya, nimejifukiza udi. Wifi akauliza nataka nianze kwenda wapi, sokoni Bagamoyo au kwa rafiki yangu Sada, Mapinga. Nikasema popote, ila keshokutwa. Mwaka haujaisha.

Alasiri nimekaa kwenye kiti cha Abdillah. Kinalia upande wa kushoto. Ndege akitua, marehemu alikuwa akimwambia karibu, polepole, kama mgeni aliyekuja bila taarifa. Leo nimesema karibu mara nyingi. Yametua majani ya mwarobaini. Nimeyatazama mpaka chai ikapoa.

Jumatano, 31 Desemba
Wifi kaja na daftari lake. Kasema amekumbuka: yule hondohondo alimwona akiwa mlangoni kwangu, si dirishani kwake. Hivyo kwa sharti la kaka, kwamba kila mtu aone akiwa kwake, si halali yake. Akamfuta mbele yangu. Arobaini na nane kwa arobaini na nane.

Mwongo mkubwa. Nilimwona dirishani kwa macho yangu. Nikamshika mkono tu.

Kasema mwaka mpya tuwe na orodha moja, yetu sote, bila hila. Nikakubali kwa moyo mweupe. Kweli kabisa.

Alhamisi, 1 Januari 2026
Tumeandika pamoja: 1, kunguru. Wifi akarudi kwake kupika.

Hajafika hata mlangoni, hondohondo huyo, ukutani! Nikamwambia karibu, polepole. Wifi sikumwita.

Nimefungua daftari la pili. Juu nimeandika jina la Abdillah, chini yake hondohondo. Linakaa chini ya mto wangu. Papai la kesho nitaliweka nyuma ya jiko. Dirisha la wifi halioni huko.