Suti ya Ngari

Embu nzima walikuwa wameshaijua suti ya Ngari, ndiyo maana Jumatatu asubuhi ilionekana Meru, karibu na soko la Gakoromone, imepigwa pasi, vifungo vya dhahabu vikimetameta. Kompyuta mbili zilikuwa kwapani. Suti hiyo ndiyo iliyokuwa ikimlisha. Meru wakiijua pia, ingebidi akalime kwa mamake kijijini Kianjokoma, na Ngari na jembe hawajawahi kuelewana.

Aliona kibanda kimeandikwa: kadi za harusi, kalenda za kanisa, programu za mazishi. Ndani alikaa mama mmoja, Kinya, mbele ya meza isiyo na kompyuta. Ngari alimshukuru Mungu, maana hata tapeli ni mtu wa kanisa.

"Madam, kazi ya graphics ni Mac ama Windows," alisema, akiziweka mezani. "Mac ina rangi safi. Windows nayo, ikigoma, fundi yuko kila kona. Chagua wewe."

Hapo tumpe heshima yake. Mtu akishaanza kuchagua kati ya viwili, husahau kuuliza kama vyote ni vibovu. Hiyo Mac ilikuwa hai kwa sababu ya chaja iliyofungwa selotepu, na hiyo Windows ilipata joto la kukaanga yai.

"Mimi sichagui kwa maneno," Kinya alisema. "Wewe ni mtaalamu. Nifanyie kazi kwa hii, halafu kwa ile, nione."

Ngari alikunja mgongo siku tatu. Alimaliza kalenda kwa Mac, kadi kwa Windows, na kila mara Kinya alikuna kichwa. "Ni nzuri. Lakini hebu tujaribu na ile ingine." Alimpa chai na viazi vitamu, akampiga hata picha kwa simu, Ngari amesimama wima, ameshika kola. "Ukivaa hivi unapendeza," alimwambia, na mjanja wetu akaamini.

Alhamisi fundi aliingia na kompyuta ya Kinya, imetengenezwa.

"Basi nimechagua," Kinya alisema. "Nitabaki na yangu. Lakini asante sana, bila wewe wateja wangenimaliza wiki hii."

Ngari aliondoka akiwa na hasira, lakini suti alikuwa nayo. Jumamosi, hapo hapo Meru, aliingia kwa Mbaka, mchoraji wa mabango, akaanza tena: Mac ama Windows? Mbaka hakuangalia kompyuta. Aliangalia koti.

"Jana tumemzika Mzee Naftaly na suti kama hiyo," alisema, akatoa mfukoni programu ya mazishi yenye picha ya marehemu. "Huyu hapa."

Kichwa kilikuwa cha Mzee Naftaly, ambaye maisha yake yote alivaa koti la mvua. Kuanzia shingoni alikuwa Ngari, vifungo vya dhahabu, hata mkono ulioshika kola.

"Ni ile ile," Mbaka alisema, akisimama. "Kijana, umeitoa wapi? Kaburi limefunguliwa?" Majirani walianza kusogea mlangoni.

Ngari alifika Kianjokoma na shati tu. Koti aliliacha kwa Mbaka, pamoja na kompyuta zote mbili. Mamake alimtazama.

"Jembe liko nyuma ya nyumba," alisema.