Mabenchi Yaliyopelekwa Kuoshwa

Jumatatu, 7 Oktoba 2024

Mvua tena. Mélanie, mke wangu, ameweka beseni lingine sebuleni. Ameuliza mabati yanakuja lini. Nimemjibu: serikali ikinilipa. Kweli tupu. Ila mkataba wangu wa mabenchi ya shule ya kisiwani Idjwi unaisha Ijumaa, na sina hata benchi moja. Mbao za fundi Akonkwa zimekwama kwenye matope, njia ya Kamituga. Nikichelewa, serikali inakata faini kila juma. Mabati yangu yote yataishia ofisini kwao! Lakini mimi Télesphore sikuzaliwa jana. Nimeandika barua: matope ni kazi ya Mungu, na kazi ya Mungu haitozwi faini.

Jumatano, 9 Oktoba

Maman Marie-Louise wa ofisi ya mikataba amesoma barua yangu mbele za watu. Akasema matope ya Kamituga yalikuwepo siku niliposaini, na mimi pia nilikuwepo. Watu wakacheka. Zagabe akacheka kuliko wote. Huyo alipewa mkataba wa chaki za shule ile ile, akazipeleka mapema, na tangu hapo anatembea kama mkwe wa gavana. Chaki! Nani ameshindwa kubeba chaki?

Nilirudi na hasira. Njiani wazo likanijia. Juma hili ni zamu ya shirika letu, jumuiya ya waumini wa mtaa, kusafisha kanisa, na mkuu wa shirika ni mimi. Ufunguo ninao.

Ijumaa, 11 Oktoba

Jana nilimwambia Padri Déogratias kwamba safari hii tunatoa mabenchi nje, tuyaoshe kwa sabuni. Akanibariki. Asubuhi hii yakawa uani kwa Akonkwa. Mpango mwepesi: kamati ya ofisi ya mikataba iyaone, isaini, iende zake, mimi niyarudishe kanisani, na ya kweli yatengenezwe taratibu.

Maman Marie-Louise aliuliza ubao wa chini ni wa nini. Ni wa kupigia magoti. Nikasema ni wa kupumzishia miguu ya watoto. Aliguswa, masikini. Akasema hatimaye amepata mtu anayefikiria miguu ya mutoto. Akasaini. Halafu akaita vijana wapakie, mashua ya Idjwi inangoja. Nikasema hakuna haraka, Maman. Akasema haraka iko kwenye mkataba, Papa Télesphore.

Maisha yangu yote sijaona serikali ikiharakisha. Imechagua leo!

Jumapili, 13 Oktoba

Misa ya kwanza, watu wima. Mahubiri yalikuwa mafupi, na hakuna aliyenishukuru. Zagabe alikuja na kiti chake cha plastiki. Nani alimwambia? Kwenye matangazo Padri alisema Papa Télesphore anaosha kwa moyo kweli, bila shaka kesho mabenchi yatakuwa yamekauka. Nikaitikia kwa kichwa. Nje, bibi mmoja akanishika mkono: “Papa, miye niko muzee, nitasimama mpaka lini?” Niliona haya.

Jumatatu, 14 Oktoba

Furaha! Mwenye duka ameona karatasi iliyosainiwa, hakuna faini, akanipa mabati kwa mkopo. Vijana wakayabeba. Tukapita mbele ya kanisa. Kosa.

Padri alikuwa mlangoni na Zagabe, wakitazama simu. Picha kutoka Idjwi: watoto wamekaa vizuri, na ubavuni mwa kila benchi jina la parokia yetu kwa rangi nyeupe; matope niliyolipaka yameoshwa na ziwa.

Padri akaamua mabati yakae kwake mpaka mabenchi yarudi. Kila Jumapili ya kuchelewa, bati moja linakuwa la parokia. Nikasema ziwa limechafuka, mashua haziendi, hiyo ni kazi ya Mungu. Akajibu kwamba mambo ya Mungu nimwachie yeye.

Alhamisi, 17 Oktoba

Beseni limefika upande wangu wa kitanda. Mélanie ndiye aliyeliweka. Inaniuma, kwa sababu ana haki.

Lakini leo Maman Marie-Louise amepiga simu. Shule moja ya Luvungi imesikia habari za ubao wa miguu, inataka mabenchi ya aina ile ile, upesi. Nimekimbia kusaini. Kwa pesa zake nitaitengenezea parokia mabenchi mapya, na mabati yatarudi! Mbao za Akonkwa bado ziko kwenye matope, lakini si kitu.

Jioni nimepita parokia ya jirani, nikachungulia mlangoni. Mabenchi marefu, mazuri, hayana jina ubavuni. Nimemwuliza padri wao, kwa heshima zote, yalioshwa lini mara ya mwisho.