Bomba la Sebuleni Lilivyonianika kwa Wakwe

Leo nimeaibika, wenzangu, na aliyeniaibisha ni bomba. Nawasimulia mwenyewe kabla hamjasikia sokoni, maana huko watalitia chumvi, na lenyewe halihitaji.

Mnajua ile mashine ya Baba Grace. Miaka ile ya kupanga foleni ya sabuni, mume wangu alikuwaga mtu wa kawaida kabisa. Ufagio ulimtosha. Biashara zilipoachiwa akaanza kupeleka sangara kiwandani, na kichwa nacho kikaachiwa. Kuna wazungu wa mradi mmoja walikuwa wanahama Bunda, wanauza vitu vyao. Wenzake wakanunua friji. Wakanunua magodoro. Yeye akanunua mashine ya kufyonza vumbi, tena si ile ya kuburuta sakafuni. Hii mota yake inakaa stoo, na mabomba yanapita ndani ya kuta mpaka kila chumba. Chumbani kuna tundu, sebuleni kuna tundu. Unachomeka mpira kwenye tundu, unafyonza vumbi, vumbi linasafiri ukutani mpaka kwenye ndoo ya stoo. (Kutoka stoo kwenda jalalani linasafiri kwa miguu yako, kama zamani.)

Ili mabomba yapite, fundi alichimba kuta zote. Tuliishi na mitaro ndani ya nyumba mpaka kuku mmoja akaanza kutagia humo. Sasa kila Jumamosi Baba Grace anaimwaga ile ndoo mwenyewe, kwa heshima, kama padri aliyeshika kikombe. Umeme ukikatika ananiambia nisubiri. Nachukua ufagio, namaliza nyumba nzima, umeme unarudi, anawasha mashine inafyonza hewa. Halafu anasema, "Umeona kulivyo safi?"

Leo tulikuwa na wageni. Mdogo wangu Masatu, niliyemlea tangu mama yetu alipofariki, anataka kumwoa Wegesa wa Butiama. Watu wa Wegesa wakasema watakuja kwanza kuiona nyumba binti yao atakayofikia. Wasiporidhika, mazungumzo hakuna. Masatu alikuwa halali. Kijana amekonda mpaka suruali anaifunga kwa kamba.

Asubuhi nachomeka mpira chumbani, mashine inapiga mluzi tu. Haivuti hata unywele. Baba Grace akaizima, akazunguka nyumba akichungulia matundu. La sebuleni, lile lililo nyuma ya kiti kikubwa, akalifungua kifuniko akaliacha hivyohivyo. Mimi sikuliona. Nilikuwa jikoni na maandazi.

Wageni wakafika. Walikuja sita. Mbele yao shangazi wa binti, mama mnene mwenye kitenge kipya na macho yasiyopepesa, na nyuma yake baba mdogo wa binti, mzee mwembamba. Shangazi akakaa pale kwenye kiti kikubwa. Nikaleta chai. Mzee akaanza na maandazi. Nilipogeuka kuchukua vikombe vilivyobaki, alikuwa keshaingia sahani ya pili.

Baba Grace akaniita kwa kidole kutoka mlango wa chumbani.

"Nishikie tochi," akasema.

"Baba Grace, tuna wageni."

"Ndiyo maana. Nataka waione ikifanya kazi."

Nikamwachia Masatu wageni, nikaingia. Tukapiga magoti kando ya kitanda, mimi namulika, yeye anasukuma waya kwenye tundu. Akasukuma, akavuta, akatukana kidogo. Mwisho ikatoka soksi. Yake. (Mashine ya wazungu imeshindwa na soksi moja ya Musoma.)

"Sasa bomba liko wazi," akasema. "Angalia kama kumebaki kitu."

Nikainama nikaweka uso kabisa kwenye tundu. Sikuona kitu. Lakini kwa kuwa tulikuwa wawili, mlango umefungwa, nikaona nipumue kidogo. Nikanong'ona. Wenzangu, nilinong'ona tu.

"Watu sita kuja kuangalia nyumba moja," nikasema. "Hiyo nyumba ina pande ngapi za kuangaliwa? Na yule mzee, amekuja kuona nyumba au kumaliza unga wa ngano? Nikichelewa kutoa sahani atakula na kitambaa."

Baba Grace akacheka. Kosa lake ni hilo. Mimi nikichekewa siachi.

"Na shangazi mtu? Kitenge kile nilikionaga kwenye mapazia ya nyumba ya wageni, pale stendi ya Bunda. Amekaa kwenye kiti changu kama amekuja kukikadiria. Kama Wegesa amerithi mwili huo, Masatu ajenge upya na milango."

Halafu ukuta ukaniita.

"Mama Grace."

Sauti ilitoka tunduni, taratibu, karibu na pua yangu. Tochi ikanidondoka.

"Mama Grace, ni mimi hapa, mwenye mapazia. Tunakusikia vizuri. Baba mdogo anauliza, hicho kitambaa nacho kimepikwa?"

Nikamtazama Baba Grace. Alikuwa ameshika soksi yake kwa mikono miwili, anaiangalia kama ndiyo imesema.

Kutoka chumbani mpaka sebuleni ni hatua chache, lakini leo nimezeeka humo njiani. Nilipoingia, Masatu alikuwa amejifunika uso. Mzee anatafuna. Wale wengine wanne wanaangalia dari. Shangazi ameugeuza mwili wake wote kwenye kiti, bado ameliinamia tundu, kana kwamba anasubiri taarifa ya habari iendelee.

Nikapiga magoti. Nikasema, "Shangazi, nisameheni. Mdomo wangu mbaya. Kijana hana kosa. Msimnyime mke kwa ajili yangu."

Akafuta chozi, nikadhani analia. Alikuwa anacheka, bila sauti, kiti chote kinatikisika.

"Mimi niliolewa Bugwema," akasema. "Wifi zangu walinisema miaka yote, na usoni wananichekea. Mpaka leo sijui walisemaga nini. Hapa kwenu nimeyajua kabla chai haijapoa. Wegesa tutamleta."

Mzee akaitikia kwa kichwa, mdomo umejaa.

Wameondoka sasa hivi. Masatu ananikumbatia na kunilaumu kwa zamu. Baba Grace yeye anatembea kifua mbele, anasema mashine yake ndiyo imempatia Masatu mke, na kesho anamwita fundi aongeze tundu la jikoni.

Kwa hiyo mwenye neno la kuwasema watu tuonane uani, kusiko na tundu. Na kucheka mkachekee kwenu.