Kigoda cha Tundu na Mashahidi Arobaini na Mmoja

Jumanne, 7 Oktoba
Kigoda kimekamilika. Miguu mitatu, na pembeni mwa kikalio tundu la kusimamishia kata ya mbege. Miaka yote tumeshika kata mkononi kwa sababu ukiiweka chini inalala na pombe inamwagika. Mimi, Sirili, fundi seremala wa Kibosho, nimelimaliza hilo! Mama Theodora, meneja wa hoteli ya watalii, atachukua vigoda sitini. Sharti moja: umbo lisajiliwe kwa jina langu, hoteli nyingine isiwe navyo. Filemon, fundi wa ng'ambo ya mfereji, ameuliza mara mbili ninachonga nini. Nimemwambia mzinga.

Alhamisi, 9 Oktoba
Filemon amechungulia uani. Je, akiniwahi? Mke wangu Hilda anasema niende mjini kesho kwa Dominika, binti wa kaka yangu, ambaye ni wakili. Hilda hajui mambo. Huku mlimani kitu kisicho na mashahidi si chako. Mpaka wa kihamba chetu, shamba la ukoo, ni masale, na wazee walioona yakipandwa. Mali bila daftari hupotea bila habari. Nimeagiza mbege ya mashahidi.

Jumapili, 12 Oktoba
Imefana! Baada ya misa wamekuja watu arobaini na mmoja. Mzee Wenseslaus ameketi, akatumbukiza kata tunduni, haikumwagika hata tone. Vigelegele. Nimepanda isale la mpaka mbele ya kigoda, wote wakatia saini daftarini. Hata Filemon amekuja, akanywa kata tatu, akapima tundu kwa futi kamba. Nimemtaka atie saini wa kwanza. Adui awe shahidi! Sijafurahi hivi tangu kipaimara.

Jumatatu, 13 Oktoba
Mjini. Dominika amenipa shikamoo, akasikiliza, akauliza jambo moja tu: nani wamekiona? Nikaweka daftari mezani. Akalisoma mpaka mwisho, akafumba macho. Anasema umbo husajiliwa likiwa jipya, na likishaonyeshwa hadharani upya umekwisha. Nikamwambia wote wako tayari kuapa. Akasema hilo ndilo tatizo, baba mdogo. Atakayepinga ataomba daftari hilihili. Nimeuliza kama wanaweza kuapa kwamba hawakukiona. Amesema hapana, tena kwa Kichagga.

Jumatano, 15 Oktoba
Filemon amepanga vigoda vinane barabarani. Vyote vina tundu. Cha tisa kina matundu mawili, cha wanandoa. Mama Theodora amepiga simu: kwa kuwa umbo sasa ni la kila mtu, atanunua kwa Filemon, anapiga msasa vizuri zaidi. Imeniuma. Imeniuma sana. Hilda hakusema kwamba alinionya. Afadhali angesema.

Ijumaa, 17 Oktoba
Nimebuni kingine! Kinakunjika, na kina mahali pa kutundika koti. Sasa nimejifunza. Hakuna mbege, hakuna masale, hakuna daftari, na hata Hilda hajakiona. Karakana nimeifunga kwa kufuli mbili. Jumatatu nakipeleka kwa Dominika kikiwa kipya kabisa. Ila kwa usalama, Filemon asije akadai ni chake, nimetuma picha nne kwenye kundi la WhatsApp la parokia, na juu yake herufi kubwa: SIRI, MSISAMBAZE. Watu mia mbili na sita wameshaona. Filemon ameuliza vipimo.