Vita vya Fundi Makochi vya Kuikomboa Besi

Sogeeni, enyi mnaopita na enyi mliokwisha kuketi! Aliye na sufuria jikoni apunguze moto, aliye na simu aizime mlio, na mwenye kikohozi akohoe sasa hivi amalize, maana habari ninayoileta si ya kusikilizwa kwa sikio moja. Wengine watawasimulia falme zilizoanguka na majemadari waliovuka majangwa. Mimi nawaletea Fundi Makochi, Mfalme wa Sponji, Mwenye Kidole Gumba Kisichopenywa na Sindano, na jinsi alivyobadilisha mito ya hedifoni zake. Msicheke. Yuko mmoja aliyecheka kabla yenu, na mtakutana naye humu humu.

Fundi huyu, kabla hajawa bingwa wa kufufua makochi yaliyokwisha kukatiwa tamaa, alikuwa kijana mwembamba aliyepiga gitaa la besi katika bendi ya harusi. Na katika harusi zote walizopiga, hakuna iliyovuma kama ile ya kaka wa mke wake, ambaye siku ile hakuwa shemeji bado, bali bwana harusi tu ndani ya suti iliyombana. Shemeji huyo leo ni mwalimu wa udereva, Bwana wa Breki Mbili, mtu ambaye amekula umri wake kwenye kiti cha pembeni, breki ya pili mguuni, akiwaambia watu wazima kwamba wamekosea. Muziki wa harusi ile ulirekodiwa, ukahamishiwa kwenye simu, na kila ukoo unapokutana huchezwa kwa kispika cha simu hiyo. Mwimbaji husikika. Kinanda husikika, tarumbeta husikika, hata mtoto aliyekuwa akililia soda husikika. Besi haisikiki.

Hapo ndipo dhuluma ilipozaliwa. Kila rekodi ile inapokwisha, Bwana wa Breki Mbili husimama, hupandisha suruali, na kulihutubia taifa.

"Jamani, ndugu zangu, mmesikia wenyewe! Shemeji yangu alisimama jukwaani kutwa nzima, macho kafumba, kichwa kinatikisika, vidole vinakwenda mbio, kumbe waya uko chini, haukuchomekwa! Mtu mzima kapiga gitaa la mawazo! Na pilau tukampa, akala sahani mbili!"

Watu hucheka mpaka wanashika mbavu. Wakambatiza Besi Kimya, na jina likamganda. Yeye naye hucheka pamoja nao, maana ukicheka na wanaokucheka angalau unapata nafasi ya kukaa. Lakini niwaambie lililokuwa likimla moyoni. Kwa kusikia hadithi ile miaka nenda miaka rudi, Fundi Makochi alikuwa ameanza kuiamini. Alijaribu kuukumbuka mkono wake ukichomeka ule waya, na mkono haukuja. Huenda ni kweli, alijiambia. Huenda siku njema kuliko zote za ujana wangu, siku niliyomwona mke wangu kwa mara ya kwanza, nilikuwa nakuna nyuzi tu.

Na sasa adui alikuwa akijongea. Binti yao mkubwa alikuwa anamleta mchumba nyumbani Jumapili, kwa mara ya kwanza kabisa, na Bwana wa Breki Mbili alikwisha kutangaza kwa simu: "Huyo mkwe lazima aonjeshwe historia ya familia. Nitaanza na Besi Kimya." Fundi aliikata simu taratibu, akakaa juu ya kochi lisilo na mgongo, akahisi aibu inampanda kabla Jumapili haijafika.

Silaha alikuwa nayo, ila hakujua. Mtangazaji mmoja mstaafu, kwa furaha ya kurudishiwa sofa yake ikiwa kijana tena, alikuwa amemwachia hedifoni zake za kazi. Hazikuwa za kawaida. Zilikuwa za mgongo wazi, yaani nyuma ya kila sikio hapakuwa na kifuniko bali wavu wa chuma, ili sauti ipumue na muziki usikike kana kwamba uko chumbani nawe. Ila mito yake, ile ya kitambaa inayokaa juu ya masikio, ilikuwa imelaliwa ikawa bapa kama soli. Fundi alipozivaa na kuicheza harusi, matoazi yalimchoma kama pini na tarumbeta ikampigia kelele ya ugomvi. Besi, wapi! Kwa uchungu akajishika kichwa kwa viganja vyote viwili, kama afanyavyo mtu aliyepewa habari mbaya.

Ndipo kikanguruma kitu.

Akaachia. Kikapotea. Akabana tena, kikarudi, kizito, mbali, kikitembea chini ya wimbo. Fundi Makochi akasimama, na nyundo ikadondoka kutoka pajani mwake. Hakuhitaji kuelezwa na mtu. Aliijua tabia ya mito kuliko alivyowajua wajomba zake: mto wa kitambaa ukiukalia hutoa pumzi kila upande, wa ngozi huishikilia. Besi ilikuwemo, ila ilikuwa ikivujia kwenye kitambaa kabla haijafika sikioni.

Basi akaivaa aproni yake, akaipandisha sindano mbele ya mwanga wa dirisha na kuinenea. "Ewe sindano, uliyepita katika makalio ya viti vya wakubwa na wadogo! Ulinitii kwenye kochi la daktari wa meno, ukanitii kwenye viti vya ukumbi wa mkutano. Usinitupe leo, maana leo tunashona heshima." Kisha akachukua vipande vya ngozi laini nyeusi, akachora duara kwa mdomo wa kikombe, akakata sponji iliyo ngumu kidogo, akashona. Mishono ilikuwa midogo na sawasawa, ya kuombewa dua. Lakini mkono ule, tangu ulipoanza kazi, haujawahi kushona mto ukauachia tundu katikati. Ukaifuata njia uliyoizoea. Ukashona, ukafunga, ukakaza, na kwa mazoea ukapachika na kifungo katikati, kama ilivyo desturi ya makochi ya heshima. Fundi akazivaa kwa fahari, akabonyeza simu. Hakusikia kitu.

Mkewe, muuguzi aliyekuwa na siku ya mapumziko, alipita mlangoni na beseni la nguo.

"Baba watoto, mbona umevaa makochi mawili kichwani?"

"Sikusikii!"

"Najua!"

Akavua, akavitazama vile vifungo viwili vikimtazama navyo, akaelewa. "Mke wangu," akasema, "mbele yako amesimama mtu aliyejenga nyumba akasahau mlango."

"Si utoboe tu? Wodini mshipa ukikosewa, tunatafuta mwingine. Hatumrudishi mgonjwa kwao."

Akafumua, akakata, akashona upya, safari hii tundu la katikati likiwa wazi. Lakini kushona mto na kuuvisha ni mambo mawili, na vita halisi vilikuwa hivi. Mto wa hedifoni una mdomo mwembamba wa ngozi unaotakiwa kuvutwa na kuingizwa kwenye ukingo wa sahani ya plastiki inayoshika spika, mzunguko mzima. Unauingiza juu, unachomoka chini. Unauwahi chini, wa juu unakucheka. Mtu aliyekwisha kulishinda kochi la watu wanane peke yake, akiwa na goti moja juu ya springi na stapla mdomoni, alitoka jasho kwa kitu kisichozidi upana wa kisahani. Alikibana kwa magoti, alikibembeleza, alikitukana kwa sauti ndogo ili mkewe asisikie.

"Nimesikia," akasema mkewe, akaweka beseni chini. "Lete. Mimi nashika hapa na kidole, usiniondolee. Wewe zunguka na mpini wa kijiko. Taratibu, usivute kama unavuta ng'ombe."

Wakakabana nacho, vichwa vimegusana, pumzi zimezuiwa. Mpini wa kijiko ukazunguka ukingoni, ngozi ikalia, ikakataa, ikasita, kisha ikaingia kwa mlio mdogo ambao wasiojua wangeudharau. Wa pili ukafuata kwa upole, kama mateka aliyeona yaliyompata mwenzake.

Je, shujaa alitosheka? Angetosheka asingekuwa shujaa. Akazivaa, besi ikaja, naye tamaa ikampanda: kama ngozi mbele imeleta hivi, ngozi nyuma italeta mara mbili! Akauziba ule wavu wa nyuma kwa ngozi na gundi ya karatasi, pande zote, kama anavyofunga mgongo wa kiti. Mwimbaji wa watu akasikika kana kwamba anaimbia ndani ya tangi la maji, na besi ikajaa kila mahali mpaka hukujua inaanzia wapi. Fundi akaguna. Mgongo wa kiti hufungwa, mgongo wa hedifoni hizi uliumbwa wazi, na aliyeuumba hakuwa mjinga. Akabandua kila kitu, akafuta gundi kwa kitambaa, akauacha wavu upumue. Ila kwa yale matoazi yaliyokuwa yakichoma, akakata kiduara chembamba cha sponji na kukilaza ndani ya kila mto, mbele ya spika ndogo. Kisha akakaa, akafumba macho, akaicheza harusi tangu mwanzo.

Nayo ikaja. Ilikuja ikitembea kwa nyayo pana, nzito, tulivu, chini ya kinanda na chini ya tarumbeta, ikiwabeba wote bila kudai shukrani. Fundi Makochi akaitambua kama mtu anavyolitambua jina lake akiitwa. Pale penye kona ya wimbo, alichelewa kidogo, kosa lake lile lile ambalo kiongozi wa bendi alikuwa akimkemea kila mazoezi. Alilia. Nalisema wazi, maana anayeona haya kwa machozi ya furaha hana haki ya kusimulia vita. Alilia juu ya kochi la mteja, akaifuta ngozi haraka isije ikapata doa.

Jumapili ilipofika, Bwana wa Breki Mbili aliwahi, kabla ya binti na mchumba wake, ili ajichagulie kiti cha kuhutubia. Fundi alimpokea mlangoni akiwa na hedifoni mikononi.

"Shemeji, karibu. Kabla hujafungua mdomo wako mbele ya mgeni, fungua masikio. Umenihukumu bila shahidi. Shahidi huyu hapa."

"Aa, shemeji, unanitisha na kofia?" Akazivaa, akasikiliza, uso ukiwa wa mtahini anayetafuta kosa. Akasikiliza sana. Kisha akainua kidole. "Nasikia ngurumo. Sikatai. Lakini ngurumo ni ngurumo tu, inaweza kuwa ngoma, inaweza kuwa jenereta. Mimi nafundisha sheria, shemeji. Dereva hapiti kwa kusema nadhani ni kijani. Ushahidi hautoshi. Leo hadithi ninaitoa kama kawaida."

Fundi Makochi alinyong'onyea. Mabega yaliyobeba makochi ya mji mzima yakashuka. Alikuwa na ushahidi wote duniani, lakini haukuwa na wa kuusemea.

"Hebu lete na mimi," akasema mkewe, akifuta mikono kwenye khanga. Hakuwa amezisikiliza bado, kwani alikuwa na wageni wa kuandalia. Akazivaa juu ya kitambaa cha kichwa, akasimama katikati ya sebule, akitazama ukutani. Wimbo ukafika katikati, pale mwimbaji anapokata pumzi na kinanda na tarumbeta vinanyamaza. Kaka yake alitaka kusema kitu. Hakusema, maana mguu wa dada yake ulikuwa umeanza.

Kwanza kisigino, kikagonga sakafu. Kisha goti. Kisha nyonga ikajibu, na mwanamke mzima, muuguzi mkuu wa wodi, akaanza kucheza peke yake sebuleni katika kimya, polepole, kwa nyayo pana. Pale penye kona alichelewa kidogo, kisha akaendelea. Alipovua hedifoni, macho yake yalikuwa yanang'aa, na sauti yake ilikuwa na hasira ya miaka mingi.

"Kaka! Unakumbuka mlivyonicheka siku ile? Wewe na mashangazi wote? Muziki umenyamaza, mimi nimeganda pale karibu na spika kubwa nacheza, mkasema huyu binti kapagawa, anacheza bila wimbo! Mpaka nikajitilia shaka mwenyewe. Nilikuwa nacheza hiki! Hiki hapa! Nilikisikia tumboni, sikujua kinaitwaje. Nilipogeuka kuangalia kinatoka wapi, nikamwona huyu."

Bwana wa Breki Mbili, ambaye hajawahi kurudi nyuma bila kutazama vioo vyote vitatu, alitazama dada yake, akatazama shemeji yake, akatazama mlango ambapo binti na mchumba wake walikuwa wanabisha hodi. Akapandisha suruali.

"Nimekosa njia," akasema. "Nageuza gari. Shemeji, nisamehe. Dada, nisamehe zaidi, maana wewe nilikucheka na ulikuwa unacheza vizuri."

"Mgeni yuko nje, kaka. Utamwambia nini?"

"Nitamwambia anaingia kwenye familia yenye besi."

Na akamwambia kweli, kwa mikono miwili na kwa urefu, mpaka kijana wa watu akasahau kuketi. Fundi Makochi alinyoosha mkono kudai hedifoni zake, mkewe akakataa kuzitoa. Alikuwa amezivaa tena, akiandaa meza huku kisigino kinagonga sakafu. Basi, enyi mliosikia, wapelekeeni wasiokuwepo. Pigeni mbiu kwenye karakana na kwenye kumbi za harusi, kwa wapiga tarumbeta wanaojiona na kwa wapiga besi wanaosahaulika: mito ilishonwa, mito ikavishwa, na ikajulikana kwa vizazi vyote kwamba siku ile waya ulikuwa umechomekwa.