Maswali ya Kisima Nilijibu Yote

Leo nimekosa pa kuuweka uso.

Waliokuwepo ni mimi, wadogo zangu Saumu na Juma, jirani yetu Bi Mwanamisi, na dada mmoja wa afya kutoka Msambweni. Na mwingine ambaye hakualikwa. Huyo nitamfikia.

Dada wa afya anazunguka Kinondo nzima akiwauliza wenye visima wanajua nini kuhusu maji yao. Tangu zile mvua kubwa, anayeonekana hajui, au hajali, kisima chake hufunikwa miiba. Chetu alikichimba marehemu baba. Kikifungwa, wadogo zangu watateka mbali kila asubuhi na kuchelewa shule. Mimi shule niliiacha ili wao wasichelewe. Kwa hiyo nilijitayarisha (kuliko nilivyowahi kujitayarisha nikiwa darasani).

Akaanza. Choo kiwe upande gani wa kisima? Nikajibu. Maji maangavu yaweza kuwa na maradhi? Yaweza, na nikamweleza namna. Kamba ya ndoo hutundikwa wapi? Juu, isiguse chini. Nilikuwa sijakosa hata moja.

"Na ya kunywa, mnachemsha?"

"Kila siku."

Juma akakohoa. (Kuni zilipolowa tuliacha. Zilipokauka tulikuwa tumeshazoea.)

Bi Mwanamisi, aliyekuja kumuulizia kuku wake aliyepotea, akadakia. "Mimi namshuhudia, mwanangu," akamwambia mgeni. "Huyu amelea wenziwe bila ya mama wala baba. Hasemi uwongo."

Laiti angenyamaza.

Dada wa afya akasema basi, aione tu hiyo sufuria ya kuchemshia, tumalize. Nikaingia jikoni, nikanyoosha mkono nyuma ya magunia, penye giza. Nikadonolewa! Kuku akanipita kichwani, akatua mlangoni miguuni pa mgeni, shingo haina hata unyoya mmoja.

"Kishingo wangu," akasema Bi Mwanamisi, taratibu.

Saumu akaitoa sufuria nje. Ndani mlikuwa na majani makavu, mayai, na vifaranga viwili vikilia.

Dada wa afya akachungulia. "Kuku huatamia wiki tatu, dada. Hiyo kila siku ilikuwa ipi?"

Hilo ndilo swali la kwanza kunishinda.

Kisima hakukifunga. Amesema majibu ninayo, sufuria ndiyo sina. Atarudi Ijumaa, na asipokuta maji motoni, ni miiba. Nayo sufuria yetu haiguswi mpaka mayai yote yaanguliwe, ameamrisha Bi Mwanamisi. Kisha akaenda kwake, akarudi na sufuria yake, akaiteleka mafigani bila kunitazama.

Mwenye kutaka kucheka, aje kwanza na mzigo wa kuni.

Sufuria ya watu nitairudisha. Kuku na wanawe watarudi kwao. Lakini ule ushahidi alionitolea mbele ya mgeni, huo sijui nitaulipa kwa kitu gani.