Chatu Hapendi Sindano

Watu wa Bukima waliona nyoka. Kasmiri Masatu aliona cherehani.

Asubuhi hiyo chatu mrefu kama watu wawili na nusu alikutwa ndani ya banda la kuku la Katekista Felisian, amejikunja, na katikati ya mwili ana uvimbe ambao jana yake ulikuwa jogoo. Majirani walijaa uani, kila mmoja akitoa ushauri kwa sauti kubwa na kurudi nyuma hatua moja. Kasmiri alikuwa mgeni. Alikuja kuomba mkono wa Ursula, binti wa katekista, kwa mara ya tatu, na kwa mara ya tatu alikuwa amejibiwa.

"Maneno yako tumeshiba," Felisian alikuwa amemwambia juu ya chai isiyo na sukari. "Mwanangu anashona kwa mkono mpaka vidole vimeota sugu. Lete cherehani, ndipo tukae. Bila cherehani, utakuwa unakuja kunywaga chai tu."

Ursula alikuwa mlangoni akisikiliza. Alimtazama Kasmiri kama mtu anayetamani kuambiwa ukweli mara moja tu, aone unafananaje. Kasmiri alimpenda binti yule kwelikweli. Katika mambo yote aliyowahi kuyasema duniani, hilo moja lilikuwa halina chumvi.

Ilikuwa mwaka themanini na nne. Sukari, sabuni na khanga vilikuwa vitu vya kusikia habari zake. Watu walikuwa wakipanga foleni kwanza, kisha ndipo wanauliza foleni ni ya nini. Kasmiri hakuwahi kupanga foleni maishani mwake. Foleni, alikuwa akisema, ni ya watu walioishiwa maneno. Yeye alizaliwa Musoma mjini, lakini akiwa safarini alijitambulisha kuwa mtu wa Butiama, kwa sababu miaka ile mtu wa Butiama, kijijini kwa Rais, alikuwa haombwi barua ya balozi wa nyumba kumi.

"Sisi ni Wakristo, mambo ya kumheshimu nyoka tumeacha," Felisian alisema, huku akimnyunyizia chatu unga wa mtama kwa adabu kubwa. "Ila anayemtoa chatu nyumbani ndiye mwenyeji wake, mpaka amfikishe kwao kwenye mawe. Hamwachiagi mtu mwingine. Hayo tumeacha, nakwambia tu."

"Mzee, nitampeleka mimi," alisema Kasmiri.

Wavuvi wanne walimtia chatu guniani. Kasmiri alishika kamba ya kufungia, akapongezwa kwa ushujaa. Mawe yalikuwa upande wa kulia wa njia. Yeye alikunja kushoto, akapanda juu ya lori la pamba, akashuka Bunda.

Pale Bunda kulikuwa na mfanyabiashara mmoja, Boniphace Keraryo, mwenye duka tupu na stoo iliyojaa. Dukani aliuza kiberiti na masikitiko. Stoo, nyuma ya nyumba, alificha sukari, sabuni, matairi ya baiskeli, na cherehani mpya ya Butterfly, bado ina grisi ya kiwandani. Cherehani hiyo ilikuwa ya mkewe, Bhoke, aliyeinunua kwa pamba yake aliyoilima mwenyewe. Boniphace aliichukua siku ileile ilipofika, akaifungia pamoja na vingine akisubiri bei ipande. Kasmiri aliyajua haya yote. Kujua stoo za watu ndiyo ilikuwa kazi yake.

"Mzee Keraryo, shikamoo. Mwizi anaogopa nini?"

"Marahaba. Mbwa."

"Mbwa anatupiwa mnofu, ananyamaza. Mkaguzi je, anaogopa nini?"

Miezi ile wenye kuficha bidhaa walikuwa wakikamatwa, na neno mkaguzi lilimpandisha Boniphace presha. Alitazama mlango. "Mkaguzi haogopagi kitu."

Kasmiri alilegeza mdomo wa gunia. Boniphace alijikuta amesimama juu ya kaunta, hajui amepandaje.

"Basi na mkaguzi atakuwa hivyo hivyo," Kasmiri alisema kwa upole.

Bei ilipoulizwa, alikunja uso kama aliyetukanwa. "Chatu hauzwi, Mzee. Chatu anatunzwa. Mimi ni mtunzaji wa kusomea."

"Umesomea wapi?"

"Butiama."

Baada ya hapo hakukuwa na maswali. Masharti yalitolewa kwa sauti ya padri anayesoma matangazo ya ndoa. Chatu anakula kuku mmoja kila baada ya siku moja. Anakunywa chupa ya maziwa kila asubuhi. Akiwa anakula haonwi na mtu ila mtunzaji wake. Na mtunzaji akimwacha wakati wa shida, chatu hubomoa nyumba, akaanza na ukuta wa chumba cha mwenye nyumba. Hili la mwisho Kasmiri alilibuni papo hapo ili asije akafukuzwa mapema, na lilimpendeza mwenyewe.

Bhoke alikuwa amesimama pembeni na kikapu. Alizaliwa Mugeta, kwenye ng'ombe wengi na nyoka wa kutosha.

"Kwetu chatu akimeza kitu anakaaga hata mwezi bila kula," alisema. "Huyu wako ana minyoo?"

"Mama, wale wa Mugeta ni wa porini. Huyu amezoea watu."

"Haya, mwalimu," Bhoke alisema, akatabasamu. Mtu mwenye akili angeogopa tabasamu lile kuliko chatu. Kasmiri alikuwa anawaza kuku.

Maisha yakawa matamu. Kuku aliingia kwa mlango wa stoo mikononi mwa Kasmiri, mlango ukafungwa, kuku akatokea kwa dirisha la nyuma ndani ya mfuko, akaelekea hotelini kwa Stanislausi. Maziwa aliyanywa mtunzaji, akiwa amesimama karibu na dirisha kadiri alivyoweza, maana tangu siku ya kwanza hajawahi kumgusa mnyama wake hata kwa fimbo. Chatu mwenyewe alilala pembeni ya magunia, akimeng'enya jogoo wa katekista, hana habari na mtu.

Boniphace naye alianza kula kwa Stanislausi kila mchana.

"Kuku wako wana mafuta," alimsifu huku akilamba vidole. "Unawapata wapi siku hizi?"

"Kuna mfugaji anawajali sana," Stanislausi alimjibu, akamwongezea mchuzi.

Wiki ya tatu, Kasmiri aliona wakati umefika. Alitoka stoo ameinamisha kichwa, na kwa muda mrefu alikataa kusema.

"Chatu ana huzuni," akasema hatimaye. "Humo ndani kuna kitu chenye sindano. Chatu hapendi sindano, Mzee. Ngozi yake inajua."

"Cherehani? Ile naisubiria bei!"

"Basi isubirie. Chatu akiondoka, mkaguzi naye hatachelewa."

"Baba Robi, cherehani yangu!" Bhoke alipiga kelele. "Pamba yangu! Jasho langu!" Alilia kwa sauti kubwa sana, ingawa machozi yalikuwa machache. Kasmiri alisikia kitu kikimchoma kifuani, na kwa kuwa hakuzoea, alidhani ni maziwa.

"Nyamaza, Mama Robi," Boniphace alisema. "Cherehani moja, au stoo nzima? Itoke kesho."

Kesho yake asubuhi, cherehani ilikuwa juu ya mkokoteni, imefungwa kwa kamba ileile ya gunia, na Kasmiri ameshaanza kupiga mluzi. Hapo Bhoke akaja mbio kutoka dirisha la nyuma.

"Mtunzaji! Macho ya chatu yamekuwa meupe kama maziwa!"

"Amelala," alisema Kasmiri.

"Chatu analalaga macho wazi. Huyu anataka kuvua ngozi. Siku kumi hivi haoni vizuri, na asiyeona anauma chochote kinachosogea." Akamgeukia mumewe. "Baba Robi, hii si ndiyo ile shida aliyosema mwenyewe? Ile ya kubomoa ukuta?"

Boniphace alitazama ukuta wa chumba chake, akamtazama Kasmiri. "Uliniambia mtunzaji haondoki wakati wa shida."

"Nilisema, lakini Mzee..."

"Ingia."

"Na hiki chuma?"

"Kitoke leo leo!" Boniphace alinguruma.

"Nitakipeleka mimi," Bhoke alisema kinyonge. "Nikitupe ziwani kule Kisorya, macho yangu yasikione tena."

Kasmiri alimvuta Bhoke pembeni, akanong'ona. "Mama, usitupe. Mpelekee Ursula wa Katekista Felisian, kule Bukima. Mwambie imetoka kwa Kasmiri."

"Ursula wa kwaya? Namjua."

"Mungu akubariki, mama."

"Ameshanibariki, baba," alisema Bhoke. Kabla ya kuondoka alimwachia maelekezo, na hayo hayakuwa ya Butiama: beseni la maji ya vuguvugu alale ndani yake, jiwe lenye makwaruzo la kujisugulia, kimya, na kuku hapana. Boniphace alifunga mlango kwa nje. Chakula cha mtunzaji kingepita dirishani.

Siku ya kwanza Kasmiri aliishi juu ya magunia ya sukari, magoti kidevuni. Alimwambia chatu kwamba yeye ni mtoto yatima, jambo ambalo mama yake, aliyekuwa akiuza samaki Musoma, asingelifurahia. Chatu hakudanganyika. Siku ya pili maji ya beseni yalipoa, na mnyama akaanza kujikwaruza ukutani kwa shida, akitafuta pa kushika. Kasmiri alishuka. Akapanda tena, kisha akashuka kabisa, akasukuma jiwe kwa mguu. Siku ya nne alikuwa anajaribu joto la maji kwa kiwiko, kama mama anayeogesha mtoto, na kumgombeza Boniphace dirishani kwamba anakohoa kwa nguvu. Kufikia ya sita alikuwa amemweleza chatu habari za Ursula, zote, bila kuongeza hata moja. Alishangaa jinsi zilivyokuwa fupi, na jinsi zilivyomuuma.

Siku ya tisa ngozi ilianza kuachia mdomoni. Kasmiri alikaa chini sakafuni tangu asubuhi hadi mchana, akiinyoosha taratibu kila ilipokwama. Ilipotoka nzima, nyembamba na nyeupe, na chatu akabaki anang'aa kama amepakwa mafuta, Kasmiri alifuta macho. Alikuwa amesahau kabisa kwamba ule ulikuwa utapeli.

Katika siku hizo hizo redio ilitangaza kwamba mwenye fedha zake za nje anaruhusiwa kuleta bidhaa. Matairi na sabuni vikaanza kuonekana madukani Bunda, tena vya rangi rangi. Boniphace alifungua stoo akiwa amezeeka.

"Mchukue nyoka wako," alisema. "Hakuna tena cha kulinda hapa."

Angeweza kumwacha popote. Lakini Kasmiri alimwingiza guniani kwa mikono yake mwenyewe, akampeleka mpaka Bukima, upande wa kulia wa njia, akamfungulia juu ya mawe. Chatu aliteleza akaingia katikati ya miamba, hakugeuka hata kuangalia. Kasmiri alisimama pale na ngozi kwapani, akahisi ameachwa.

Katekista Felisian alimpokea kwa chai. Safari hii ilikuwa na sukari.

"Cherehani ilifika?" Kasmiri aliuliza, huku akijiweka sawa kitini kama mkwe.

"Ilifika, ikaondoka. Mama Bhoke aliileta, akamchukua na Ursula, wakaenda nayo Musoma. Wanashona wote wawili pale kibarazani kwa dada yake Mama Bhoke."

"Hakusema imetoka kwa nani?"

"Alisema ni ya kwake, ya pamba yake. Alisema mumewe asingeitoa stoo hata kwa maombi, mpaka apite mjanja. Anakushukuru sana."

Kasmiri alikunywa chai yake yote bila kuionja.

Musoma aliwakuta kibarazani, Bhoke anakata, Ursula anakanyaga pedali, na mbele yao foleni ndefu ya watu wenye vitambaa vipya mikononi. Boniphace alikuwa anaondoka na shati jipya, akijigeuza mbele ya kioo cha dirisha. Mkewe alikuwa amemwambia cherehani ameiazima kwa masista. "Mshono huu ni wa nguvu!" alisema. "Masista wana mashine, si kama ile takataka yetu."

Kasmiri alipita mbele ya watu wote kama alivyozoea.

"Ursula," alisema.

Ursula alisimamisha gurudumu kwa kiganja. "Mama Bhoke alivyofika, kwanza aliniambia imetoka kwa Kasmiri. Nilifurahi mpaka nikalia. Halafu akanieleza ilivyotoka." Alimtazama. "Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyokuchukia wewe siku ile."

Maneno yalikuwepo, yote, yamejipanga mdomoni. Kasmiri aliyaacha. Alikunjua ngozi ya chatu, ikafika hadi ng'ambo ya baraza.

"Nilimwogesha," alisema. "Siku tisa. Nilikuwa naogopa."

Ursula alishika ngozi, akaipitisha vidoleni polepole, akitafuta ilipochanika. Haikuchanika mahali popote. Watu wa foleni walirefusha shingo.

"Hiki ndicho kitu cha kwanza umeniletea hakina uongo ndani," alisema.

"Kwa hiyo unasemaje?"

Bhoke alishaichukua ngozi, akaitundika juu ya cherehani, na tayari anamweleza mteja wa mbele kwamba nguo inayoshonwa chini ya ngozi ya chatu haifubai, ila ina nyongeza kidogo ya bei. Mteja alikuwa anakubali.

"Nitakujibu zamu yako ikifika," Ursula alisema, akarudi kukanyaga pedali.

"Zamu ipi?"

Bhoke alimwonyesha kwa mkasi. "Foleni inaanziaga kule, mwalimu."

Kasmiri alitazama kule. Ilikuwa imepita duka la kona. Alitembea mpaka mwisho, akasimama nyuma ya mama mmoja mwenye kitambaa cha maua, na mama huyo alipomuuliza foleni ni ya nini, alimwambia ukweli.